Bwana Mifugo na Oili ya Namba Mbili

Kijijini kwetu hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Bwana Mifugo, basi, na watoto waliozaliwa baada ya yeye kufika walidhani alibatizwa hivyo. Mimi niliishi jirani naye miaka mingi, tukachota maji kisima kimoja, na jina lake nililisikia mara moja tu, likitajwa na ofisa wa wilaya aliyekuwa na haraka. Sitaliandika. Halikumfaa.

Aliyetaka kumjua hakuwa na haja ya kumtazama usoni. Alitakiwa amtazame asubuhi akipima oili. Aliisimamisha pikipiki wima juu ya ubao alioulaza na kuusawazisha mwenyewe, kisha akasubiri, mikono nyuma, kama mtu anayemsubiri mgonjwa amalize kuvaa. Halafu akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa ambacho mtu mwingine hakuruhusiwa kukigusa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukiinua kuelekea jua. Hakuwa na imani na kipimo cha kwanza. "Cha kwanza kinakwambia unachotaka kusikia," alisema. Aliyafanya hayo hata siku ambazo hakuwa na safari.

Pikipiki ilikuwa nyekundu, mpya, mali ya serikali, na ilikuwa ndani ya waranti. Neno hilo tulilisikia kwake kwanza. Alitufafanulia kwenye mkutano wa kijiji, pale alipoulizwa kwa nini anaitunza kama mwali.

"Waliotengeneza pikipiki hii wameahidi kwamba ikiharibika ndani ya muda fulani, wataitengeneza wenyewe bila malipo. Lakini ahadi yao ina masharti, na sharti la kwanza ni oili. Ukiweka isiyo yake, ahadi imekufa."

"Kama ndoa," akasema mzee mmoja aliyekaa nyuma.

"Ndoa ina padre wa kusuluhisha. Hii haina."

Basi ikawa kijiji kizima kinajua habari za oili, na kila mtu ana maoni yake. Shida yenyewe ilikuwa ya kwetu sisi, watu wa Ufipa, na nadhani walioandika masharti yale hawakuwahi kuifikiria. Kitabu kilichokuja na pikipiki kilisema kwamba mahali pa baridi iwekwe oili nyepesi, na mahali pa joto iwekwe nzito. Sasa yeye alikuwa mtu wa wapi? Huku juu mwezi wa sita maji ya kunawa yanauma vidole, na ng'ombe asubuhi wanatoa moshi puani. Alikuwa anaondoka kwetu amevaa koti la sufi na soksi mikononi, anapita Namanyere, anateremka ule mteremko wa kwenda Wampembe, na akifika ziwani amefungua vifungo vyote vya shati. Watu wa kule wanalala nje kwa joto. Injini ni ile ile, oili ni ile ile, safari ni moja.

Dereva wa lori lililokuwa likija kuchukua mahindi alimcheka waziwazi.

"Bwana Mifugo, weka hii ya lori. Lori linabeba magunia, wewe unabeba sindano za ng'ombe. Oili ni oili. Hata mama yako alikupaka aliyoipata."

"Ndiyo maana nina mabaka," akajibu Bwana Mifugo, akaendelea kufuta kijiti chake.

Alikuwa na sababu. Alisema katika lori klachi inakaa peke yake, pakavu, lakini katika pikipiki yake klachi imelala ndani ya oili hiyo hiyo ya injini, kwa hiyo ukikosea unaharibu viwili. Wakala wa pikipiki hizo mjini Sumbawanga naye alitaka kumpa namba arobaini, kwa kuwa ndiyo wateja wote waliyochukua. Aliikataa. Aliyoitaka ilikuwa ile yenye namba mbili, ishirini na hamsini, ambayo kwa maelezo yake haigandi kwenye baridi wala haiwi maji kwenye joto. Ilikuwepo Sumbawanga mwanzoni. Kisha ikaja ile miaka ambayo sabuni ilipotea, sukari ikapotea, na oili ya namba mbili ikawa kitu cha kusimuliwa. Yeye alikuwa na debe lake moja chini ya kitanda. Watu walisema amelala juu yake kama kuku.

Mwenyekiti wa kijiji alikwenda kumwomba kidogo kwa ajili ya mashine ya kusaga.

"Hiki ni kijiji cha ujamaa, Bwana Mifugo. Chako ni chetu."

"Ni kweli, Mwenyekiti. Na mswaki wako tuulete mkutanoni lini?"

Mwenyekiti alicheka mpaka akashika mlingoti wa bendera, lakini oili hakupata. Bwana Mifugo yule yule, ambaye hakutoa tone la oili mpya, alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa na maziwa yake hakuyanywa. Yalikwenda kwa wenye watoto. Na oili chafu aliyoimwaga kutoka kwenye injini aliigawa bila kuuliza jina la mtu. Wazee walikuja na makopo kuipaka nguzo za nyumba kwa sababu ya mchwa. Ukipita kijijini ungejua nyumba zilizojengwa zama zake kwa weusi wa nguzo zake.

Alikuwa mpweke, na upweke wake haukuwa na kelele. Katika nyumba ya serikali iliyokuwa karibu na josho la ng'ombe alikaa peke yake, akapika mwenyewe, akafua mwenyewe. Ndani mlikuwa na kiti kimoja. Mgeni akija, Bwana Mifugo alisimama mlangoni na mazungumzo yakafanyika hapo. Hatukuona ndugu yake hata mmoja. Krismasi alivaa tai, akaenda kanisani, akatoka, akaenda kuangalia ng'ombe akiwa na tai ile ile. Kifipa hakukijua, ila maneno ya ng'ombe tu: simama, rudi, inua mguu. Vijana walimtania kwamba siku akioa atamwambia mkewe inua mguu. Hakukasirika. "Nitamwambia kwanza simama," alisema.

Mimi nilimhitaji kuliko wote, na ni lazima nieleze kwa nini.

Wazazi wetu walikufa wakifuatana, mama akitangulia, nikiwa darasa la sita. Tulikuwa watatu: mimi, Sesilia, na Gaudensi aliyekuwa bado anaburuta blanketi lake. Ukoo ulikaa, ukatugawa. Sesilia alikwenda kwa shangazi Namanyere. Gaudensi alichukuliwa na baba mdogo, mvuvi wa Wampembe. Mimi walitaka kuniozesha. Nikasema sitoki katika nyumba ya baba mpaka wadogo zangu wote warudi ndani yake. Wazee walinung'unika, wakaniacha. Shule niliiacha wiki ile ile, nikashika jembe, nikainua matuta yetu ya mviringo, yale tunayoyaita ntumba, nikapanda ulezi na mahindi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: shamba likiweza kulisha watatu, nitawafuata. Hofu yangu pia ilikuwa rahisi. Sesilia alikuwa amepata akili, asingesahau. Gaudensi alikuwa mdogo. Nilihofia kwamba nitakapomfuata atanitazama na kuuliza huyu ni nani.

Bwana Mifugo peke yake ndiye aliyezunguka kila mwezi akipita mahali pote patatu. Kabla ya safari alisimama mbele ya mlango wangu bila kuzima injini.

"Mkubwa, una la kusema?"

Aliniita Mkubwa, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa. Nilimtuma salamu, na wakati mwingine unga wa ulezi au karanga. Akirudi aliniletea maneno. Sesilia amejifunza kushona. Gaudensi ameng'oka jino. Gaudensi anajua kuogelea. Gaudensi anasema dada aje na jogoo mwekundu. Nilikuwa nikiyarudia maneno hayo shambani mpaka yakaisha utamu, ndipo mwezi mwingine ukaja.

Siku moja, baada ya Sesilia kukua, aliniambia, "Dada, yale maneno uliyonitumia juu ya mama, kwamba alikuwa akiimba akinisuka, yalinisaidia sana." Sikuwahi kutuma maneno hayo. Nilitaka kumwambia, nikaacha. Nikaanza kuelewa kwamba zile siku nilizochoka, nikasema tu "wasalimie", Bwana Mifugo alifika kule na mzigo mzito kuliko niliompa. Nadhani na ya jogoo mwekundu yalikuwa yake. Mtu aliyerudia kipimo cha oili mara mbili kwa kuogopa uongo, alitutungia salamu kwa miaka, na hakuwahi kutikisika sauti.

Sasa nieleze ya mawese, kama nilivyokuja kuyajua baadaye kwa watu wa Wampembe.

Baba mdogo alimpenda. Kila alipofika Wampembe alilala kwake na kula samaki wake. Safari moja, katika kile kipindi cha uhaba, Bwana Mifugo alipima oili pale uani, akasema peke yake, lakini kwa sauti, "Imepungua kidogo." Kisha akaenda kuangalia mbuzi wa watu wa upande wa pili wa kijiji. Baba mdogo alisikia. Na katika ukoo wetu mgeni hafungashiwi mbele ya macho yake. Ukimpa mbele yake ni kama unadai akushukuru. Unakitia kitu katika mzigo wake kimyakimya, anakikuta kwake, anakukumbuka. Baba mdogo alichukua mawese yake mazuri, yale ya wageni, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akafungua mahali alipoona kijiti kikitoka, akajaza mpaka kipimo kikakaa sawasawa. Akafunga. Akanyamaza, kama desturi inavyotaka. Gaudensi alishika kibuyu.

Asubuhi iliyofuata Bwana Mifugo alipima kama kawaida. Oili ilikuwa imetosha. Alifikiri jana alipima pikipiki ikiwa imeinama.

Kule ziwani mawese hayana shida. Yanatiririka kama maji. Alipanda mteremko, injini ikaitika vizuri, akalala Namanyere. Ilikuwa mwezi wa saba. Alfajiri upepo wa huku juu ukafanya kazi yake. Alipiga teke pikipiki ikakataa. Akapiga tena, ikawaka kwa shida, akaondoka nayo, na kabla hajafika kwetu ikatoa mlio kama wa chuma kinachosagwa, ikakwama kabisa. Aliisukuma mpaka kijijini. Nilimwona akipita, jasho likimtiririka kwenye baridi ile.

Aliifungua uani kwake, watu tumemzunguka. Kilichotoka hakikutiririka. Kilidondoka kwa mabonge, chekundu na cheusi, kama uji wa ulezi uliolala. Alichukua kidogo kwa kidole, akanusa, kisha akaonja.

"Mawese," alisema.

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua alilala kwa nani, na najua kwetu mgeni anafungashiwaje. Naye alinitazama mara moja, akaona nimejua, akageuza macho. Hakumtaja baba mdogo siku ile wala siku nyingine.

Alisafisha injini kwa dizeli, akatoa debe chini ya kitanda, akamimina oili ya namba mbili ya mwisho aliyokuwa nayo. Injini haikuwaka. Ndani kulikuwa kumeshaumia. Dereva wa lori akamwambia asiwe na wasiwasi: waranti bado ipo, oili iliyomo ndiyo yenyewe, ampelekee wakala, anyamaze, atatengenezewa.

Lori lilipokwenda mjini na mahindi, pikipiki ilipandishwa juu ya magunia, nami nikapanda. Sikuwa na shughuli Sumbawanga. Nilikwenda kumwomba.

"Bwana Mifugo, usiwaambie."

Alikuwa ameshika usukani wa pikipiki isianguke. Upepo ulikuwa mkali, akainama kunisikia.

"Nasema usiwaambie. Mwezi huu umeisha. Mwezi ujao nani atakwenda Wampembe?"

"Nitakwenda."

"Kwa chombo gani?"

"Kwa miguu."

"Na mwezi unaofuata?"

Aliiweka sawa pikipiki, akasema, "Mkubwa, wakiifungua wataona imekufa ikiwa na oili ya namba mbili ndani. Wataandika kwamba oili hiyo haifai nchi hii ya baridi. Watawaambia wenzangu wote wenye pikipiki kama hii waweke nyingine. Nao watazivunja, na hawatajua kwa nini."

Nilimwambia wenzake siwajui. Gaudensi namjua.

"Najua," alisema.

Duka la wakala lilikuwa karibu na soko. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiislamu, mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono na tumbo la heshima, mcheshi, ambaye familia yake ilifanya biashara mjini pale tangu zamani. Matengenezo ya waranti yalilipwa na kampuni ya Dar es Salaam, kwa hiyo ukweli haukumwongezea kitu wala uongo haukumpunguzia. Aliizunguka pikipiki, akainamia injini, akanusa.

"Bwana Mifugo, mbona pikipiki yako inanukia sambusa?"

Fundi wake akaangua kicheko.

"Mzee, yaliingia mawese," akasema Bwana Mifugo.

"Labda ni mimi," akasema wakala, kama hakusikia. "Sijala tangu asubuhi. Njaa inanusisha vitu."

"Yaliingia mawese. Nikayatoa, nikaweka oili yake, lakini yalishaharibu."

"Masikio yangu yana nta siku hizi. Mke wangu analalamika." Alinitazama mimi, nikiwa nimesimama mlangoni na kanga nimeikaza mabegani, nadhani aliona kitu usoni mwangu, maana sauti yake ilishuka. "Bwana mkubwa, nisikilize. Mimi nimeona oili safi, ya namba zake. Kijana hapa ameona. Nikishika kalamu naandika nilichokiona. Nenda kanywe chai, urudi, uniambie tena kimetokea nini."

Bwana Mifugo alitoka. Tulikaa kwenye hoteli ya jirani, chai ikaletwa, hakunywa. Nami nilikuwa nimeshasema yote kule juu ya magunia. Alizungusha kikombe. Kisha akasimama, akarudi, nikamfuata.

"Mawese," alisema.

Wakala alivuta pumzi. "Nani aliweka?"

"Pikipiki iko mikononi mwangu. Mimi ndiye mwenye dhamana nayo."

"Haya," akasema yule mzee, bila hasira. "Umenishinda. Allah akupe subira, maana vipuri hakuna."

Waranti ikafa siku hiyo. Kipuri kiliagizwa kwa utaratibu wa kawaida wa serikali, na wakati ule utaratibu wa kawaida ulikuwa maana yake usubiri. Pikipiki ilibaki nyuma ya duka, imefunikwa gunia. Jambo moja nilisikia baadaye kwa bwana mifugo mwingine: tangazo lilipelekwa kwa wote wenye pikipiki zile kwamba zisiachwe bila kufuli pale oili inapotiwa. Mafundi wa karakana za serikali walicheka sana na habari ya mawese, lakini hakuna aliyebadilishiwa oili.

Alikwenda Wampembe kwa miguu, kama alivyosema. Lakini mtu wa miguu si mtu wa pikipiki. Alikuwa na majosho yote ya upande wetu, na ndama waliokuwa wakifa, na safari ya siku mbili tatu ikawa ya zaidi ya wiki. Mwezi wa kwanza baada ya pikipiki kufa alifika. Mwezi wa pili hakuweza. Mwezi wa tatu alichelewa.

Mimi katika miezi hiyo nilimsalimia kwa shikamoo na hakuna zaidi. Naye aliendelea kuleta maziwa, akayaweka mlangoni, akaondoka.

Aliporudi safari ya mwezi wa tatu alipita nyumbani kwake bila kuingia, akaja kwangu moja kwa moja, vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa napepeta ulezi. Alisimama.

"Mkubwa, baba yako mdogo amehama. Samaki wamepungua pale, ameifuata kambi ya ng'ambo. Wengine wanasema Zambia, wengine wanasema Kongo. Amekwenda na mtoto. Nyumba nimeikuta imefungwa. Majirani wanasema alisubiri nipite ili anipe habari nikuletee. Alisubiri, kisha mtumbwi wa wenzake ukaondoka."

Alisema yote, mpaka hilo la kusubiri. Angeweza kuliacha. Hakutunga salamu siku hiyo. Nilitaka atunge. Nilimtazama nikingoja aseme hata kwamba Gaudensi alilia, au alicheka, au aliacha neno, naye akasimama pale mikono imening'inia, akiwa mtupu. Nikaendelea kupepeta. Alikaa mpaka ungo ukaisha, akaondoka.

Kipuri kilifika masika yaliyofuata. Pikipiki ikawaka, akaanza tena kuzunguka, na Sesilia akawa anapata habari zangu nami zake mpaka nilipomrudisha nyumbani na akaolewa akitokea kwetu, katika nyumba ya baba, kama nilivyoahidi. Kisha Bwana Mifugo akahamishiwa wilaya nyingine. Aliaga nyumba kwa nyumba. Kwangu alisema, "Mkubwa, kaa vizuri," nami nikasema, "Nawe, Bwana Mifugo." Kiti chake aliniachia mimi.

Baada ya hapo, kila msimu wa mavuno ukiisha, nilibeba ulezi nikaenda nao Kasanga, ambako boti za Zambia na Kongo zinatia nanga. Niliuza, na nilipokuwa nikiuza niliuliza. Mvuvi fulani kutoka Wampembe, aliyehama na mtoto wa kaka yake. Gaudensi. Ana kovu dogo juu ya jicho, alianguka kwenye kinu. Wabebaji wa mizigo walinizoea. Mwaka mmoja mbebaji nisiyemjua, wa upande wa pili wa bandari, alinikatiza kabla sijamaliza.

"Kovu juu ya jicho. Alianguka kwenye kinu."

Nilimshika mkono. "Umemwona?"

"Sijamwona, mama. Nimemsikia tu. Kuna mzee anakuja hapa kila kiangazi kumuulizia huyo huyo. Tulidhani ni mwanawe."

"Mzee gani?"

"Mstaafu. Anashuka kwenye basi na kikapu, anakaa pale kwenye magogo mpaka boti zote zishushe. Hata sasa yupo."

Alikuwa amekonda. Koti lilikuwa lile la sufi, limeisha viwiko, na joto la Kasanga lilikuwa kali kama kawaida yake. Alikuwa amekaa akitazama maji, kikapu kati ya miguu.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

Aligeuka, akanikazia macho. "Marahaba. Mkubwa."

Nikakaa kwenye gogo la pili. Tulizungumza habari za Sesilia na watoto wake, na za mvua. Aliniambia amepanga chumba Sumbawanga, kwa wajukuu wa wakala. Yule mzee alikuwa amekwisha kufa. Hakusema anafanya nini Kasanga, nami sikumuuliza. Kisha akasema, akiwa bado anatazama ziwa.

"Kama ningalinyamaza siku ile dukani kwa wakala, wewe unaonaje?"

Nilikuwa nimejibu swali hilo mara nyingi nikiwa shambani, na kila mara jibu langu lilikuwa tofauti.

"Sijui, baba," nilimwambia. Sikuwahi kumwita baba kabla ya hapo.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa kipimo anachokiamini.

"Mimi pia sijui. Lakini nafikiria, amekuwa mtu mzima sasa. Uso utakuwa umebadilika. Ng'ombe niliyemwona akiwa ndama nikimkuta mkubwa simtambui kwa sura. Namtambua kwa anavyoweka miguu. Kwa hiyo natazama miguu. Wewe ulimlea, unamkumbuka anavyotembea?"

Nilifikiri. "Mguu wa kushoto anautupa nje kidogo."

"Wa kushoto," alisema. "Mimi nilikuwa natazama wa kulia."

Boti ilikuwa inakaribia, imejaa magunia na watu. Wabebaji walianza kuteremka kwenda majini. Bwana Mifugo aliinuka kwa kujisaidia na gogo, akafunga vifungo vya koti kana kwamba anakwenda kumpokea mkuu wa wilaya. Mbao ziliwekwa, abiria wakaanza kushuka kwa mstari, wameshika viatu mikononi. Yeye alisimama upande mmoja wa mbao na mimi nikasimama upande wa pili, ili mtu asipite bila kuonwa.